Mzigo wa Mawe

Jiwe lililopandishwa juu halisahau ardhi. Liwe limechongwa sura ya malaika au limeachwa kama lilivyotoka machimboni, kazi yake usiku na mchana ni moja tu: kutafuta njia ya kurudi chini. Fundi mwashi anaweza kuichelewesha safari hiyo kwa mwaka mmoja au kwa miaka elfu, lakini hawezi kuifuta. Anachoweza kufanya ni kuupa uzito njia ya kupita. Asipoupa njia, utajitafutia wenyewe.

Nataka kuitumia kanuni hii kuyatazama makanisa makubwa yaliyojengwa Ulaya kati ya mwaka 1000 na mwaka 1500 hivi, yale ambayo wataalamu huyagawa katika mitindo miwili, Kiromaneski na Kigothi. Watu huyasifu kwa urefu na uzuri wake, na wana haki ya kufanya hivyo. Lakini mimi naona swali linalofaa zaidi kuulizwa mbele ya jengo lolote kubwa ni hili: uzito wake umekwenda wapi? Swali hilo lina jibu la kiufundi, ambalo mafundi wa zama hizo walilitafuta kwa bidii ya ajabu. Lina pia jibu la pili, ambalo halionekani katika mawe.

Kwanza tuyaweke sawa majina. Wajenzi wenyewe hawakujiita Wagothi. Wagothi walikuwa kabila la Kijerumani lililochangia kuiangusha dola ya Rumi upande wa magharibi, mamia ya miaka kabla ya makanisa haya. Ni Waitalia wa karne ya 16, na hasa Giorgio Vasari katika kitabu chake cha mwaka 1550, walioupachika mtindo huo kwa Wagothi kwa dharau, wakimaanisha kwamba ni kazi ya washenzi. Tusi likageuka jina, na jina likageuka sifa. Neno Kiromaneski ni changa zaidi. Lilibuniwa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa sababu matao ya mtindo huo ni ya mviringo kama yale ya Warumi wa kale.

Msomaji wa kwetu anayetaka kuona tofauti hiyo bila kusafiri mbali anaweza kutazama makanisa mawili ya Kikatoliki yenye jina moja, la Mtakatifu Yosefu. Lile la Unguja, lililojengwa na Wafaransa katika miaka ya 1890, lina matao ya mviringo. Lile la Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, lina madirisha yenye ncha juu na mnara mwembamba. Yote mawili ni majengo ya juzi yanayoiga mitindo ya kale, lakini kwa macho ya mwanafunzi yanatosha kuanzia.

Sasa twende huko Ulaya yenyewe, karibu na mwaka 1000. Mashambulizi ya Waviking na ya Wahungari yalikuwa yanapungua. Misitu ilifyekwa, majembe ya kukokotwa yenye ulimi wa chuma yakaenea, mavuno yakaongezeka na watu wakaongezeka. Monasteri zilipata ardhi nyingi. Mahujaji walianza kutembea kwa maelfu kwenda kuzuru makaburi ya watakatifu, hasa lile la Mtume Yakobo huko Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Makanisa ya zamani yalikuwa madogo, na mengi yalikuwa na mapaa ya mbao. Mshumaa mmoja ukianguka, au radi moja ikipiga, kazi ya babu na baba iliteketea kwa usiku mmoja. Basi mafundi wakaazimia kuweka juu ya vichwa vya watu dari ya mawe.

Hapo ndipo uzito ulipoanza kudai njia. Dari ya mawe hujengwa kwa tao, na tao lina tabia ambayo kila mwalimu anaweza kuionyesha darasani bila maabara. Chukua vitabu viwili, uviegemeze kwa ncha za juu juu ya meza laini. Havianguki moja kwa moja. Nyayo zake huteleza kwenda nje. Tao nalo hufanya vivyo hivyo: halikandamizi chini tu, linasukuma kuta kando. Jibu la mafundi wa Kiromaneski lilikuwa la mtu mwenye nguvu asiyependa mashaka: waliongeza unene. Kuta zao ni nene kama za ngome, nguzo zao ni kama mibuyu, na madirisha yao ni madogo, kwa kuwa kila tundu katika ukuta ni udhaifu.

Majengo waliyoyasimamisha yanatisha kwa utulivu wake. Kanisa kuu la Speyer, katika Ujerumani ya leo, lilianzishwa na Mfalme Konrad wa Pili karibu na mwaka 1030, likawekwa wakfu mwaka 1061, na kabla ya karne kwisha mjukuu wake, Henry wa Nne, alianza kulijenga upya kwa dari ya mawe yenye kimo cha mita 33 hivi. Kanisa la monasteri ya Cluny, Ufaransa, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilifikia urefu wa mita 187 hivi, na hapakuwa na kanisa jingine lililolishinda katika Ulaya yote ya Magharibi mpaka Basilika jipya la Mtakatifu Petro lilipojengwa Roma. Mtu aliyeingia ndani ya makanisa haya kutoka juani ilimbidi asimame kidogo mpaka macho yazoee giza. Uzito ulikuwa mbele yake, waziwazi; hakuna aliyeuficha.

Hata picha za zama hizo zinasema habari za uzito. Katika mji wa Autun, Ufaransa, juu ya mlango mkubwa wa Kanisa la Mtakatifu Lazaro, kuna uso wa mawe uliochongwa karibu na mwaka 1130 kuonyesha Hukumu ya Mwisho. Kristo yuko katikati, mkubwa kuliko wote. Upande wa kushoto kwake kuna mizani. Malaika Mikaeli anapima roho za watu, na shetani mkondefu mwenye uso wa kuchusha anauvuta upande wake wa mizani ili udanganye. Chini, mikono miwili mikubwa inamkamata mtu kichwa. Wengi waliopita chini ya mlango huo hawakujua kusoma, lakini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya mizani. Miguuni pa Kristo pameandikwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Wataalamu wengine wanaona jina hilo ni la mchongaji, wengine wanaona ni la mfadhili. Mwaka 1766 wenye kanisa waliona kazi hiyo haipendezi tena, wakaifunika kwa plasta. Plasta hiyo ndiyo iliyoiokoa, kwani picha za makanisa mengi zilivunjwavunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ilhali hii ilikuwa imefichika. Ilifunuliwa tena mwaka 1837.

Wakati huohuo mafundi wengine walikuwa wakitafuta njia ya kuupitisha uzito bila kuongeza unene. Jibu lao lilikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu peke yake ilikuwa imekwisha julikana kabla ya kuunganishwa.

Sehemu ya kwanza ni mbavu. Badala ya dari kuwa ganda moja zito, mafundi walijenga kwanza matao membamba yanayokatizana kama mbavu, kisha wakajaza nafasi zilizobaki kwa mawe mepesi. Mbavu huupokea uzito na kuupeleka kwenye nguzo chache. Mfano mashuhuri wa mapema ni kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lililojengwa kati ya mwaka 1093 na 1133. Nguzo zake bado ni nene kwa namna ya Kiromaneski, lakini dari yake tayari inazungumza lugha nyingine.

Sehemu ya pili ni tao lenye ncha. Tao hili husukuma nje kidogo kuliko tao la mviringo, na fundi anaweza kulipandisha kwa kimo kilekile juu ya nafasi pana au nyembamba. Hapa Ulaya haikuwa ya kwanza. Waislamu walilitumia zamani. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliojengwa kati ya mwaka 876 na 879, umejaa matao ya namna hiyo. Matao ya jamii hiyohiyo yamesimama hadi leo katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Basi mtu wa pwani yetu akiona tao lenye ncha katika picha ya kanisa la Ufaransa, asidhani ni mgeni kabisa. Ni jamaa aliyekwenda kuishi mbali.

Sehemu ya tatu ni egemeo la nje. Mafundi waliitoa nguvu ya kusukuma kutoka kwenye ukuta, wakaipitisha hewani juu ya mapaa ya pembeni kwa mikono ya mawe iliyopindwa, mpaka kwenye minara minene iliyosimama nje ya jengo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 12 mikono hiyo ilianza kuenea. Baada ya hapo ukuta haukuwa tena na kazi ya kubeba. Ungeweza kutobolewa kutoka chini hadi juu na kujazwa vioo.

Mtu anayehesabiwa kuwa mkunga wa mtindo huu ni Suger, mkuu wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris kuanzia mwaka 1122 mpaka alipofariki mwaka 1151. Alipelekwa monasterini akiwa mtoto, akapanda hadi kuwa mshauri wa wafalme. Kanisa lake la zamani lilikuwa dogo mno. Ameandika mwenyewe jinsi umati ulivyosongamana siku za sikukuu, hata wanawake wakapiga kelele kwa kubanwa. Alipohitaji boriti ndefu, maseremala walimwambia kwamba miti mikubwa kiasi hicho haipatikani tena katika misitu ya jirani. Suger akaamka usiku, akaenda nao msituni, na kabla ya siku kwisha walikuwa wamepata miti 12, idadi ileile aliyoihitaji. Sehemu ya mashariki ya kanisa lake iliwekwa wakfu tarehe 11 Juni, 1144, mbele ya mfalme. Nguzo nyembamba, mbavu, matao yenye ncha na vioo vya rangi vilikuwa vimekutana mahali pamoja. Maaskofu waliohudhuria walirudi makwao, na haukupita muda mrefu wengi wao wakaanza kutaka kujenga vivyo hivyo.

Kilele cha matunda hayo, kwa watu wengi, ni Chartres. Usiku wa tarehe 10 Juni, 1194, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa kuu la mji huo. Katika muda wa miaka 30 hivi sehemu kubwa ya jengo jipya ilikuwa imesimama, dari ikiwa na kimo cha mita 37 hivi, na madirisha yakiwa na zaidi ya mita za mraba 2,500 za vioo vya rangi. Sehemu kubwa ya vioo hivyo ni ileile ya karne ya 12 na 13. Wakati wa vita kuu zote mbili za karne ya 20 viliteremshwa na kufichwa, kisha vikarudishwa. Ndani kuna samawati ambayo huwezi kusema inatoka dirishani. Ni kama hewa yenyewe imebadilika rangi. Mtu aliyesimama katikati haoni unene wala jasho. Haoni hata jinsi mawe yanavyosimama. Mzigo wote uko nje, juu ya ile mikono na minara inayopigwa na mvua.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye ndani ya nuru anaweza kuamini kwamba jengo halina uzito. Atoke nje alizunguke, ndipo atakapojua.

Tukiisha kulizunguka jengo, inafaa tutoke mbali zaidi, kwa kuwa uzito haukuishia kwenye ile minara ya nje. Ujenzi ulihitaji fedha kila juma. Mafundi hawakuwa watumwa; waashi, maseremala na wahunzi walilipwa mishahara, na walihama kutoka kazi hadi kazi kama mafundi wa leo. Hesabu za ujenzi wa kanisa la Westminster, London, za mwaka 1253 zipo hadi leo, zikionyesha malipo ya juma kwa juma, hata ya vibarua. Lakini fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika sadaka za mahujaji na zawadi za wafalme, ni kweli. Zilitoka pia katika zaka za mavuno, kodi za ardhi, ushuru wa masoko, na malipo ya kila namna ambayo chini ya umwinyi wakulima na watwana waliwapa wenye ardhi. Na miongoni mwa wenye ardhi wakubwa walikuwamo maaskofu na monasteri.

Sauti za kupinga zilikuwapo tangu zamani. Karibu na mwaka 1125, Bernard, mkuu wa monasteri ya Clairvaux, aliandika waraka mkali kuulaumu utajiri wa makanisa ya watawa, akishangaa kwamba kuta zinavikwa dhahabu ilhali maskini wa Kanisa wako uchi. Hakuwa mpagani aliyesema hivyo, wala adui; baadaye alitangazwa mtakatifu.

Watu wa mijini walipinga kwa njia nyingine. Katika mji wa Laon, wananchi walikuwa wamenunua kwa fedha haki ya kujiendeshea mambo yao. Mwaka 1112 Askofu Gaudry aliifuta haki hiyo kwa idhini ya mfalme. Mji ukalipuka. Askofu aliuawa, na moto wa ghasia ukalichoma kanisa kuu la zamani. Miaka 50 hivi baadaye lilianza kujengwa kanisa jingine la Kigothi ambalo lipo mpaka leo, juu ya kilima. Huko Reims, mahali wafalme wa Ufaransa walipotawazwa, ujenzi wa kanisa kuu ulioanza mwaka 1211 ulisimama mwaka 1233, wananchi walipoinuka dhidi ya askofu mkuu na baraza lake kwa ajili ya mamlaka na fedha. Makanoni walikimbia mji, na hawakurudi mpaka mwaka 1236. Anayetazama sanamu ya malaika anayetabasamu kwenye mlango wa Reims ajue kwamba kulikuwa na miaka ambayo hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Mzigo mwingine ulitoka mbali zaidi. Katika karne ya 13 na ya 14 wachongaji wa Paris walikuwa mabingwa wa sanamu ndogo za pembe za ndovu. Jumba la makumbusho la Louvre linayo sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyotoka katika kanisa la kifalme la Sainte-Chapelle, yenye kimo cha sentimeta 41, iliyochongwa katika miaka ya 1260 hivi. Mwili wa Maria umepinda kidogo, kama mama anayemweka mtoto kiunoni, na mpindo huo unafuatana na mpindo wa pembe. Pembe kubwa za namna hiyo zilikuwa za tembo wa Afrika. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiuza pembe ng'ambo ya bahari tangu zamani. Al-Masudi aliandika habari za biashara hiyo katika karne ya 10, na baadhi ya watafiti wanaona kwamba pembe za kwetu ni miongoni mwa zile zilizofika Paris kupitia Bahari ya Shamu. Pembe haitembei yenyewe. Kabla ya merikebu na kabla ya patasi ya Paris, kulikuwa na bega la mtu.

Siandiki haya kwa ajili ya kuwashtaki watu waliokufa miaka 800 iliyopita. Nayaandika kwa sababu jambo hili nalijua kwa karibu. Nimekuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha ualimu katika nchi ambayo madarasa mengi yamejengwa kwa nguvu za wananchi. Nimewaona akina mama wakisomba mchanga na maji kwa vichwa tangu alfajiri, wakiwa na watoto mgongoni, kisha nikaona siku ya uzinduzi jiwe la msingi likifunuliwa likiwa na jina moja tu, la mgeni rasmi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hayo ndiyo mazoea: jengo likikamilika, uzito unahamia mahali pasipoonekana, na jina linabaki mahali pa nuru.

Tena uzito ukidharauliwa, hulipiza. Kila mji ulitaka kuushinda mwingine kwa kimo. Dari ya Paris ilifikia mita 33 hivi, ya Chartres 37, ya Reims 38, ya Amiens 42. Beauvais, mji uliokuwa mdogo kuliko tamaa yake, ulianza kujenga mwaka 1225 ukafikia mita 48. Sehemu hiyo ilikamilika mwaka 1272. Mwaka 1284 dari ikaporomoka. Walipoijenga upya waliongeza nguzo kati ya nguzo, yaani walikubali hatimaye kuwa wabebaji walikuwa wachache mno. Vizazi vilipita, somo likasahaulika. Mwaka 1569 walikamilisha mnara wa kati wenye kimo cha mita 153, kabla ya kujenga ukumbi wa magharibi ambao ungeuegemeza. Mnara ulisimama miaka minne. Tarehe 30 Aprili, 1573, siku ya sikukuu ya Kupaa Bwana, ulianguka. Ukumbi ule haukujengwa kamwe. Mpaka leo kanisa la Beauvais ni nusu ya kanisa, zuri kupita kiasi, limefungwa vyuma na mbao lisianguke.

Cologne ilifuata njia nyingine, ya kurithishana mzigo. Kanisa lake kuu lilianza mwaka 1248. Katika karne ya 16 fedha na ari vilikwisha, kazi ikasimama, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara usiokwisha kwa karne tatu. Baadaye sehemu mbili za mchoro wa kale wa uso wa kanisa zikapatikana, moja mwaka 1814 na nyingine mwaka 1816. Kazi ikaanza tena mwaka 1842 ikamalizika mwaka 1880, minara ikiwa na kimo cha mita 157. Ilichukua miaka 632. Wengi waliochonga mawe yake hawakuwahi kudhani kwamba wataliona limekwisha.

Je, ilistahili? Mtwana aliyekaa katika kibanda chenye moshi hakuwa na ruhusa ya kuingia katika ukumbi wa bwana wake ila kwa kuitwa. Lakini kanisani aliingia. Alisimama chini ya mita 37 za nuru ya rangi, bure, na uzuri ule ulikuwa wake kwa saa ile kama ulivyokuwa wa mfalme. Siwezi kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Watu hawaishi kwa mkate tu, na maskini hawapungukiwi mkate peke yake. Wanapungukiwa uzuri pia. Kwa hiyo simfuati Bernard hadi mwisho wa njia. Lakini simwachi pia. Uzuri haufuti deni. Ninachokiona ni kwamba mzigo wa kazi kubwa hubebwa kwa haki pale tu mambo matatu yanapotimia: mbebaji awe amekubali, awe na fungu katika kile anachokibeba, na ajulikane.

Swali hili liliamka upya mwaka 2019. Tarehe 15 Aprili paa la kanisa la Notre-Dame mjini Paris, lililoanza kujengwa mwaka 1163, liliwaka moto, na mnara wake mwembamba wa karne ya 19 ukaanguka mbele ya macho ya dunia. Kwa siku chache tu ziliahidiwa mamia ya mamilioni ya euro. Papo hapo Wafaransa wengi wakauliza: mbona fedha zinapatikana haraka hivi kwa ajili ya mawe, na hazipatikani kwa ajili ya watu? Miaka 900 baada ya Bernard, hoja ilikuwa ileile, na ni vizuri kwamba iliulizwa. Kazi ilifanyika hata hivyo. Mialoni 2,000 hivi ilikatwa kwa ajili ya mnara na paa, na maseremala wakaichonga mingi kwa mashoka kama walivyofanya wa kale. Kanisa lilifunguliwa tena mwezi Desemba 2024.

Kuna jambo moja katika ukarabati huo ambalo limenifurahisha kuliko kimo chochote. Wale waliojenga upya Laon karne ya 12 waliweka sanamu za mawe za ng'ombe 16 juu ya minara, kuwakumbuka, kama inavyosimuliwa, wanyama waliokokota mawe kupanda kilima. Ni shukrani nzuri, ingawa watu waliowaswaga ng'ombe hao hawakuwekewa sanamu. Mwezi Desemba 2023, jogoo mpya wa dhahabu alipopandishwa kwenye ncha ya mnara wa Notre-Dame, ndani yake iliwekwa karatasi yenye majina karibu 2,000. Ni majina ya watu waliofanya kazi hiyo ya ukarabati. Hakuna mtu wa chini anayeweza kuyasoma. Lakini yameandikwa, na yako juu kabisa.